Salamu za Kisima cha Mwasengo

Siku ya mnada Anyes alifungua kibanda mapema, akapangusa vumbi kwenye rafu, akaanza kupokea simu za watu wa vijijini. Alizipanga kufuata walikotoka. Za Mkula zilikaa karibu na soketi nzuri, kwa sababu wenyewe huwahi kurudi na ng'ombe. Za Ipililo zilikaa katikati. Za Nassa, zenye harufu ya dagaa, aliziweka pembeni juu ya gazeti. Kila simu aliibandika kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, maana vitochi, simu ndogo za vitufe, vyote hufanana, na mtu wa mnada ukimuuliza ipi yako husema "hiyo nyeusi".

Kibanda kilikuwa nyuma ya stendi ya Bariadi, kimebanwa kati ya fundi cherehani na mama wa maandazi. Kwenye kona ya juu ya rafu, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki, ilikaa simu moja ya tachi isiyokuwa ya mteja. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Ndani yake ilikaa programu ya visima, na programu hiyo aliitengeneza Anyes mwenyewe.

Ilifanya jambo moja tu. Mtu mwenye kitochi alituma meseji kwenye laini ile, akataja kisima cha karibu na kwao, akajibiwa kama pampu inatoa maji au imekufa. Watunza pampu ndio waliotakiwa kutuma habari, na programu ikazigawa kwa anayeuliza. Anyes aliitengeneza kwa ajili ya mama yake, Mayu Justina, aliyeishi kitongoji cha Mwasengo na kuchota maji kijiji cha pili. Mara nyingi alifika akakuta mpini wa pampu umefungwa kamba, akageuka na ndoo yake, akateremka mtoni. "Ndoo tupu ni nzito kuliko iliyojaa," alikuwa akisema. "Iliyojaa unajua umebeba nini."

Anyes alikuwa ameishia darasa la saba. Laptopu aliyojifunzia iliachwa kibandani na mchuuzi mmoja wa samaki wa Lamadi, aliyesema anarudi kesho. Anyes alimngoja mpaka msimu wa pamba ukapita na mwingine ukaja. Ndipo akaifungua kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba ya jirani aliyesafiri ili kumzimia moto. Maneno ya Kiingereza ya programu hakuyajua kwa maana, aliyajua kwa tabia, kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wa watu: huyu hupiga teke, huyu hatangulii mpaka mwenzake atangulie.

Sehemu ya maji aliimaliza upesi. Iliyomchukua muda ni sehemu ya salamu. Mama yake hakuweza kumuuliza mtu wala kitu chochote kabla ya kusalimu, na wazee wote wa Mwasengo walikuwa hivyo hivyo. Walituma kwanza "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, wakangoja, wakauliza habari za nyumbani, wakauliza ng'ombe wameamkaje, na maji wakayataja mwishoni kama jambo lililowajia njiani. Basi Anyes akaifundisha programu kusalimiana. Akaifundisha salamu za asubuhi na za jioni, zilizoandikwa vizuri na zilizoandikwa na wajukuu wenye haraka. Aliyeuliza maji bila salamu hakufukuzwa. Programu ilimjibu "Mwangaluka", ikangoja. Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, kama mwanamke anayefumua nywele alizokwisha kuzisuka kwa sababu mstari mmoja umepinda.

"Anyes, hiyo simu ya juu inakulipa nini?" Machibya alimuuliza. Machibya alikuwa wa bodaboda na alichaji simu pale kila siku.

"Hainilipi."

"Basi umeolewa bila mahari."

"Wewe ulioa kwa mahari, na mkeo yuko kwao."

Fundi cherehani alicheka mpaka pindo likaenda mrama, akalifumua.

Kiangazi kilipokaza, watunza pampu walichoka kutuma habari. Mmoja alikwenda kuvuna pamba, mwingine simu yake ilitumbukia lamboni, na Maige wa Mkula alikuwa kwenye arusi. Programu ikabaki haina cha kusema. Wanawake hawakujua hilo, wakaendelea kusalimu. Asubuhi moja mwanamke wa Mkula alituma salamu zake zote kwa mpangilio, akauliza maji, akajibiwa kwamba ni salama tu: "Mhola duhu. Maji yapo. Ng'ombe wamevunja uzio, msiwalete wote kwa pamoja."

Anyes alimpigia Maige. Maige alisema hakutuma neno, yuko kwenye arusi na nyama ndiyo kwanza inaiva. Anyes akafungua laptopu, akapita mistari yote ya programu, hakuona mahali maneno yale yangeweza kutokea. Akauliza kama uzio wa Mkula umevunjika. Ulikuwa umevunjika. Akafunga laptopu, akamuuzia mtu vocha.

Kuanzia hapo visima vilijibu vyenyewe. Cha Nassa kilijisifu kwamba maji yake yana chumvi kidogo lakini ni mengi. Cha Ipililo kilikuwa na aibu, kilijibu kwa neno moja moja. Kilichokuwa na mpini uliolegea kilisema mpini umelegea, na fundi alikwenda akaukaza.

"Kumbe vilikuwa vinangoja kusalimiwa," alisema Machibya, akaomba simu yake ichomolewe, ina abiria.

Mayu Justina alikuja mjini siku ya mnada na kifurushi cha michembe. Alikaa kwenye stuli ya kibanda, akamsalimia mama wa maandazi, akamsalimia fundi cherehani, kisha akatoa kitochi chake kumwonyesha jirani yake, Georgina, jinsi meseji zinavyotumwa. Kwa mfano tu, akataja kisima cha kwao wenyewe, Mwasengo. Hakuna aliyewahi kukitaja. Anyes alikuwa amekiingiza kwenye programu kwa sababu kibao chake kipo, na alitaka visima vyote vya mkoa viwemo.

Jibu lilikuja. Mayu Justina alilisoma polepole, herufi kwa herufi.

"Mwangaluka, mayu. Sina maji. Sijachimbwa."

"Kinasema kweli," alisema Mayu Justina. Akaomba maji ya kunywa.

Mwasengo wote walijua. Pale katikati ya kitongoji palikuwa na jukwaa la zege, pampu ya mkono ya rangi ya buluu, na kibao cha marumaru chenye majina ya waliotoa fedha na aliyekata utepe. Chini ya zege palikuwa na pipa la bati, na chini ya pipa palikuwa na udongo ambao haujawahi kuguswa na chuma. Mashine ya kuchimba ilikuja, ikapigwa picha, ikaondoka. Alfajiri ya sherehe wanawake waliamshwa wakaambiwa wabebe maji kutoka mtoni, kwenye mashimo ya mchangani, walijaze pipa ili mgeni rasmi akipampu yatoke. Mayu Justina alikuwa mmoja wao. Waliambiwa ni ya kufungulia tu, mengine yatafuata. Mgeni rasmi alipampu, akanywa glasi moja, akasema ni matamu. Yalikuwa matamu kweli, maana walikuwa wameyachuja kwa kanga zao.

Georgina, naye alikuwepo alfajiri ile, alichukua kitochi akatuma salamu yake. Kisima kikamjibu: "Mhola. Yale maji mliyonimiminia siku ya sherehe ndiyo pekee niliyowahi kuonja. Ahsanteni sana."

Georgina akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha wakaenda mnadani kununua chumvi.

Haukupita muda, vingine vikaanza kusema. Kimoja kilisema kimechimbwa mpaka kiunoni, halafu mkandarasi akaondoka na mashine, na kila mvua kinaogopa kwamba mbuzi watatumbukia. Kingine kilisema kimechimbwa vizuri kabisa na kina maji tele, ila kimo ndani ya geti la mtu mkubwa, kinamwagilia maua, na kinawasikia wanawake wakipita nje na ndoo. Kila mmoja alimsomea mwenzake. Hakuna aliyekimbia wala kupiga yowe. Watu walikasirika kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayehadithiwa jambo alilolijua siku zote.

Ndipo gari likaja nyuma ya stendi. Alishuka Bwana Deogratias, ofisa wa mradi wa maji, mtu wa mkoa mwingine aliyehamishiwa Bariadi, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa mpaka vumbi likavionea haya kwa muda. Nyuma yake alishuka kijana wa kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Nassib, mtengenezaji wa programu, amebeba begi la laptopu mgongoni.

"Shikamoo," alisema Anyes.

"Marahaba, binti. Ndiye wewe? Hongera sana. Ofisi imefurahi mno. Hivi ndivyo tunataka vijana wafanye."

"Ahsante."

"Ila kuna hitilafu ndogo. Visima vingine vinajibu vibaya. Cha Mwasengo, kwa mfano. Kinasema hakijachimbwa."

"Hakijachimbwa."

"Kimechimbwa, binti. Kimekaguliwa, kimepokelewa, kimekabidhiwa kwa wananchi. Mimi mwenyewe nimeona picha."

"Mama yangu anakaa pale."

"Basi mama yako ana kisima."

Kwamba kisima kinaongea halikumsumbua Bwana Deogratias hata kidogo. Alikuwa mtu wa serikali, alikuwa amesikia mengi. Kilichomsumbua ni kinachosemwa.

"Nendeni mkakichimbe," alisema Anyes. "Kitaacha kusema hivyo siku hiyo hiyo."

Bwana Deogratias alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Hapo ndipo hunielewi. Mahali penye kisima hapawezi kuombewa kingine. Mwasengo haiingii kwenye mradi mpya kwa sababu ina kisima tayari. Ningekuwa na kijiji kisicho na kisima, kesho asubuhi ningekiombea fedha. Nisaidie, binti. Nitakiombeaje fedha kilichokwisha kuwepo?"

Alisema kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa kwamba hospitali ina dawa ya ugonjwa mwingine. Anyes alimtazama usoni muda mrefu. Alitafuta dalili ya kwamba anatania. Haikuwepo. Alichoona ni mtu anayeamini kila neno, na hilo lilimchoma kuliko kama angekuwa anadanganya.

Bwana Deogratias alikwenda kupokea simu garini. Nassib akaomba aione programu. Anyes alimpisha akae juu ya kreti la soda, akamwekea laptopu magotini. Nassib alianza kusoma. Mama wa maandazi alimletea moja, akalila huku akisoma, akasahau kuuliza bei.

"Hii sehemu ya salamu ni ndefu kuliko programu yenyewe," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na umeirudia sana. Inaonekana."

"Kila nikisikia salamu nisiyoijua, naiongeza."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

Nassib aliendelea kusoma. Katikati ya mistari, mahali ambapo mtengenezaji hujiandikia mwenyewe ili asisahau, Anyes alikuwa ameandika: *Usiondoe hapa. Mayu hawezi kuuliza kabla ya kusalimu.* Nassib aliisoma sentensi ile, akarudi akaisoma tena.

"Mimi nikitengeneza kitu, nakabidhi," alisema. "Simjui anayekitumia. Sijawahi kumwona hata mmoja."

"Hawakupigii simu usiku kukwambia imegoma?"

"Hapana."

"Hawakuletei michembe?"

"Michembe ni nini?"

"Pole," alisema Anyes, na alimaanisha. Akafungua kifurushi cha mama yake, akampa vipande vya viazi vikavu. Nassib alitafuna kwa shida, akasema vizuri.

Kabla Bwana Deogratias hajarudi, Nassib alitoa simu yake mwenyewe, akatuma salamu Mwasengo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa pwani, aliandika shikamoo. Simu ikalia. "Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari. Sijachimbwa." Nassib aliitazama meseji ile mpaka kioo kikazima chenyewe, akairudisha mfukoni.

Ofa ya ofisi ilikuwa hivi. Programu ingepewa jina la ofisi, ingeenea mkoa mzima, na Anyes angekaa jukwaani siku ya uzinduzi, angepewa cheti, angetajwa kwa jina mbele ya mgeni rasmi. Alichotakiwa ni kuondoa salamu, kwa sababu zinapoteza muda wa mtumiaji, na kuondoa visima vinavyojibu vibaya.

"Na Mwasengo," aliongeza Bwana Deogratias, "tutaiangalia kwa jicho la huruma."

"Kuangalia ni kuchimba?"

"Ni kuangalia."

Anyes aliomba afikirie. Jumapili alipanda pikipiki ya Machibya mpaka Mwasengo. Pande zote za barabara pamba iliyodondoka kwenye malori ilikuwa imenasa kwenye miiba, na mbuzi walikuwa wakiila. Alimkuta mama yake anajikanda goti kwa samli. Goti lile lilikuwa limevimba tangu msimu wa kulima, na njia ya mtoni ina mteremko. Anyes akamweleza yote: jina, jukwaa, jicho la huruma. Hakuficha kwamba alilitaka lile jukwaa. Alikuwa amekaa nyuma ya stendi miaka yote akiwaangalia watu wakishuka na kupanda, na hakuna aliyewahi kusema jina lake kwenye kipaza sauti.

"Labda wakiniona, watakuja kuchimba kweli," alisema.

Mayu Justina alifunika samli. "Ng'wanone, mwanangu, sasa hivi hakijachimbwa, lakini kinasema. Ukikitoa, kitakuwa hakijachimbwa na tena hakisemi."

Kuku alipita.

"Lakini usiwanyime," aliongeza mama. "Kitu kizuri hakifichwi ndani. Wakabidhi kama ng'ombe."

Anyes alielewa. Kwao mtu mwenye ng'ombe huweza kumkabidhi mwenzake amchungie. Mchungaji hunywa maziwa yote, hakuna anayemdai, na samadi ni yake. Lakini ng'ombe habadilishwi alama, wala hakatwi masikio. Siku mwenyewe akija kumwona, amkute ni yule yule. Ni desturi ya zamani, na ndiyo iliyofanya njaa isimalize ukoo mzima kwa pamoja, kwa sababu ng'ombe wa kila mtu walikuwa kwa kila mtu.

Jumatatu alikwenda ofisini, akasimama mbele ya meza ya Bwana Deogratias.

"Chukueni," alisema. "Mistari yote, bure. Mkamue mtakavyo, muweke na jina la ofisi. Nikiulizwa nitawasaidia. Lakini salamu zisitolewe, na Mwasengo isitolewe."

"Bure?" Bwana Deogratias aligeuza neno hilo kama sarafu ya nchi nyingine. "Binti, kitu cha bure ofisi haina namna ya kukipokea. Na chenye masharti ndiyo kabisa."

"Masharti ni mawili tu."

"Ndiyo hayo hayo mawili."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamtakia siku njema. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Nassib akatengeneza programu nyingine. Haikumchukua muda, kwa kuwa haikuwa na salamu na haikuuliza kisima chochote kitu. Ilikuwa na ramani ya mkoa, na juu ya ramani palikuwa na alama kwa kila kisima kilichopokelewa na kukabidhiwa. Kwa kuwa vyote vilikuwa vimepokelewa na kukabidhiwa, alama zote zilikuwa za kijani.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani, chini ya maturubai. Wanawake wa Mwasengo waliletwa na lori ili waimbe. Walisimama juani tangu asubuhi, na chupa za maji zilikuwa meza kuu. Kila mmoja alipewa tisheti yenye maneno kuhusu maji. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe, na kwenye kitambaa kikubwa cheupe mkoa mzima ukawa kijani, kijani ya mahindi ya mwezi wa pili, kijani ambayo mwezi ule haikuwepo popote kwa macho. Watu walipiga makofi. Mwasengo iling'aa kuliko zote, kwa kuwa picha zake zilikuwa nzuri.

Nassib alisimama nyuma karibu na spika, akitazama nyaya. Anyes alikuwa nje ya kamba pamoja na wauza miwa.

"Hujambo," Anyes alimwambia Nassib alipompitia wakati wa kuondoka.

"Sijambo." Nassib hakuinua macho. "Nimekabidhi."

"Nimeona."

Dereva alipiga honi, Nassib akapanda gari.

Wiki hiyo hiyo laini ya Anyes ilifungwa. Kwenye dirisha la huduma la kampuni ya simu alielezwa kwamba imetumika kutoa taarifa za umma bila kibali, na kwamba taarifa sahihi zinapatikana kwenye programu ya ofisi, ambayo inataka simu ya tachi na bando. Anyes aliuliza wenye vitochi wafanyeje. Dada wa dirishani akamwambia asogee, ampishe anayefuata.

Alirudi kibandani, akapanda juu ya stuli, akaishusha simu ya kioo kilichopasuka, akaizima. Fundi cherehani aliacha kushona kwa heshima, kama msiba unapopita barabarani. Machibya alivua helmeti.

"Wamekuachisha bila talaka," alisema, lakini taratibu, na hakuna aliyecheka.

Ndipo rafu ikalia. Kitochi cha mtu wa Ipililo kilichokuwa kimezimwa kiliwaka, kikaleta meseji. Kikafuata cha Mkula. Vikafuata vya Nassa juu ya gazeti, kimoja baada ya kingine, na gazeti likatetemeka. Anyes alisoma. Visima vilikuwa vinaamkia watu wao, moja kwa moja, bila laini yake wala programu yake. Vilikuwa vimekwisha kuzoea kusalimiana na havikuona sababu ya kuacha. Cha Mkula kilisema uzio umetengenezwa, kinashukuru. Kile kilichochimbwa mpaka kiunoni kiliulizia kama mvua imekaribia. Kile cha ndani ya geti kilisema maua yamestawi sana.

Anyes aliziandika meseji kwenye vipande vya plasta kwa wale wasiojua kusoma wala kufungua meseji, ili wakifika nyumbani wasomewe, akazibandika nyuma ya simu zao. Kazi ilipopungua alifungua laptopu. Mwanamke mmoja wa Nassa alikuwa ametaja asubuhi ile salamu ya kumwamkia mtu aliyefiwa, na haikuwemo. Programu haikuwa na laini tena, haikuwa na mtumiaji hata mmoja. Anyes akaiongeza, akaona mstari umepinda, akaufuta, akauandika tena mpaka ukanyooka.

Mwisho wa mwezi alikwenda kulala kwa mama yake. Asubuhi walitoka pamoja na ndoo. Mayu Justina alikuwa ameikunja tisheti ya uzinduzi akaifanya ngata, maneno ya maji yakawa yamegusa nywele. Walipofika kwenye jukwaa la zege walisimama. Wanawake wengine nao walisimama pale kila asubuhi, hiyo ilikuwa imeshakuwa desturi.

"Mwangaluka," Mayu Justina alikiambia kisima kwa mdomo. Siku hizi hakutumia hata simu kwa upande wake.

Kitochi kiunoni mwake kikalia. Akampa Anyes amsomee.

"Mwangaluka, mayu. Mhola. Goti limeamkaje? Bado sijachimbwa."

"Limeamka vizuri kidogo," alisema Mayu Justina. "Tunateremka mtoni."

Walikwenda. Mashimo ya mchangani yalikuwa yameshuka, ilibidi kupiga magoti na kuchota kwa kikombe, kikombe kwa kikombe, ukingoja mchanga utoe mengine. Mayu Justina alipiga goti lile bovu. Anyes alimwona akiuma mdomo. Hasira ilimjaa, ikakosa pa kwenda, kwa sababu kila aliyemfikiria angempokea vizuri sana na kumpa kiti.

Walipopanda na ndoo zao, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mayu Justina alisimama tena kwenye jukwaa, akatua ndoo kwa msaada wa Georgina, akachota kikombe kimoja cha plastiki, akakimimina taratibu kwenye ufa ulio chini ya pampu. Georgina naye akachota chake. Walifanya hivyo kila siku. Mwenye kiu akikusalimia, huwezi kumpita na ndoo kichwani.

Simu ililia. Anyes hakuisoma kwa sauti, wote walijua ni ahsante. Alitoa simu yake ya tachi, akafungua programu ya ofisi, akatafuta Mwasengo kwenye ramani. Ilikuwa kijani. Chini yake paliandikwa: maji yapo. Kwa kadiri ya vikombe viwili ramani ile ilikuwa ikisema kweli.

Halafu pipa likanywa, zege likakauka, na Mwasengo ikabaki kijani.